Hidrojeni Ianzie Shambani

BARUA YA WAZI KWA WAZIRI WA NISHATI, DODOMA

Nakala: Waziri wa Kilimo, Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC), Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, Halmashauri ya Wilaya ya Busokelo

YAH: MPANGO WA HIDROJENI NA NAFASI YA RUNGWE

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Tukuyu, mji ulio kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe, katika wilaya ambayo udongo wake, maziwa yake na chemchemi zake za maji moto vyote ni kazi ya volkano. Hidrojeni sasa inatajwa katika kila mkutano mkubwa wa nishati barani Afrika. Namibia ilitangaza mkakati wake mwaka 2022, Kenya ikazindua wake Septemba 2023, na Misri, Moroko, Mauritania na Afrika Kusini nazo zinawania wawekezaji. Tanzania, yenye mito, gesi, upepo, jua na joto la ardhini, itashawishiwa kutoka pande zote ijiunge na mbio hizo, na kila mshawishi atakuja na ramani yake. Kabla ramani hizo hazijatandazwa mezani pako, naomba kusema jambo moja na kulitetea kwa hoja. Mpango wa hidrojeni wa taifa hili uanzie kwenye mbolea ya mkulima, kabla ya meli ya kuuza nje na kabla ya tangi la gari. Na Rungwe ni mahali panapofaa kulijaribu wazo hilo kwa kipimo kidogo, kwa uwazi, na kwa gharama ambayo taifa linaweza kuimudu hata jaribio likishindwa.

Hoja yangu inaanzia kwenye hulka ya hidrojeni yenyewe. Ingawa hutajwa kama nishati, gesi hii kwa sehemu kubwa hatuichimbi kama makaa ya mawe ya Kiwira. Tunaitengeneza kwa kutumia nishati nyingine. Ukitaka kilo moja ya hidrojeni kwa kuchanganua maji kwa umeme, unatumia uniti 50 hadi 55, na kilo hiyo ikishapatikana ina nishati ya uniti 33 tu. Ukiibana, ukaisafirisha, kisha ukaigeuza tena kuwa umeme, unabaki na chini ya nusu ya ulichoanza nacho. Kwa hiyo popote ambapo waya wa umeme au betri inaweza kufanya kazi, hidrojeni ni njia ndefu na ya hasara. Lakini zipo kazi zinazoihitaji kama malighafi, na hapo waya hauwezi kushika nafasi yake. Mojawapo ya kazi kubwa kabisa za aina hiyo ni kutengeneza amonia, mama wa mbolea zote za viwandani zenye naitrojeni. Mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97 za hidrojeni, karibu zote katika viwanda vya kusafisha mafuta, vya kemikali na vya chuma, na chini ya asilimia 1 ndiyo iliyotengenezwa kwa njia safi. Iliyobaki ilitoka hasa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Soko la hidrojeni basi halihitaji kubuniwa. Lipo tayari, na mlango wake ulio karibu zaidi na Mtanzania ni mbolea.

Nchi inayotufundisha jambo hili vizuri ni Iceland, ambayo kama Rungwe inakaa juu ya joto la volkano. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilitangaza nia ya kuwa jamii ya kwanza duniani kuishi kwa hidrojeni. Mwaka 2003 kituo cha kujazia hidrojeni kilifunguliwa jijini Reykjavik na mabasi matatu yakaanza kubeba abiria. Jaribio la mabasi lilimalizika mwaka 2007, na magari ya umeme yaliyokuja kuenea nchini humo ni ya betri. Hata hivyo, nchi hiyohiyo ilikuwa na kiwanda cha mbolea huko Gufunes kilichotumia hidrojeni iliyotokana na maji na umeme tangu 1954, kikafanya kazi kwa karibu nusu karne. Na katika eneo la jotoardhi la Svartsengi, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kiwanda kilianza kuchukua hewa ukaa inayotoka na mvuke wa ardhini na kuiunganisha na hidrojeni kutengeneza methanoli. Wazo la hidrojeni lilipolazimishwa kuwa mafuta ya magari lilikwama. Lilipotumika kama malighafi lilisimama. Hata wafanyabiashara wakubwa wameanza kurudi nyuma: Julai 2024 kampuni ya Fortescue ya Australia, iliyokuwa mstari wa mbele kuinadi hidrojeni safi duniani, iliacha lengo lake la kuzalisha tani milioni 15 kwa mwaka ifikapo 2030.

Wala kutengeneza mbolea kwa maji, hewa na umeme si teknolojia ya majuzi inayongoja kuthibitishwa. Wanorwei walianza mwaka 1929 kuchanganua maji kwa umeme wa maporomoko ya Rjukan ili kupata hidrojeni ya mbolea. Misri ilifungua kiwanda cha Kima huko Aswan mwaka 1960, kikitumia umeme wa Mto Nile. Karibu zaidi nasi, kiwanda cha Sable Chemicals cha Kwekwe, Zimbabwe, kilitengeneza amonia kwa umeme wa gridi tangu miaka ya 1970 hadi 2015. Nataja mifano hii ya Afrika kwa makusudi, kwa kuwa inabeba ushahidi wa pande zote mbili. Inaonyesha kwamba Mwafrika ameweza kuiendesha mitambo hii kwa miongo mingi. Inaonyesha pia kilichoiangusha: Kwekwe ilizima mitambo ya kuchanganua maji pale ambapo umeme ulikuwa haba nchini na bei yake haikubebeka tena, na Aswan baadaye ikahamia kwenye gesi asilia. Funzo lake ni kwamba mbolea ya umeme inaishi kwa umeme wa bei nafuu usiokatika. Bila hilo, majengo mazuri na hotuba za ufunguzi haviwezi kuiokoa.

Sisi wenyewe tuna historia inayopaswa kukaa mbele ya macho yetu. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972 kikitegemea malighafi kutoka nje, ikiwemo amonia yenyewe, na mwaka 1991 kilifungwa. Miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kutengeneza amonia Kilwa kwa gesi ya Songo Songo, nao haukufika popote. Leo Minjingu inatupa fosfeti, na Dodoma imepata kiwanda cha Itracom, lakini naitrojeni ya viwandani bado inatushukia bandarini. Udhaifu huo ulionekana mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda duniani na vita vya Ukraine vikaanza. Mfuko wa kilo 50 wa Urea ulipita shilingi 120,000. Serikali ililazimika kuingilia kati, na Agosti 8, 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku iliyoushusha mfuko hadi shilingi 70,000. Ruzuku ile iliokoa msimu na wakulima wanaikumbuka kwa shukrani. Lakini ruzuku ni mwavuli: inamkinga mtu asilowe, haizuii mvua. Kila mara bei ya gesi itakapotikisika Ulaya au Ghuba, hazina yetu italipa ili mkulima wa huku asiumie.

Pengine msomaji wa mbali atauliza Rungwe inahitaji mbolea ya nini, wakati sifa ya udongo wake wa volkano inajulikana hadi nje ya mkoa. Jibu liko kwenye kemia ya udongo huo. Mwamba wa volkano ukimomonyoka hutoa potasiamu, kalisi, chuma na madini mengine mengi, lakini hautoi naitrojeni ya kutosha mazao. Naitrojeni hutoka hewani na kuingia ardhini kwa kazi ya bakteria, majani yaliyooza na samadi. Mvua yetu, inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya wilaya, huisafisha na kuipeleka mtoni. Kisha angalia tunacholima. Chai huvunwa majani yake, na majani ndiyo yenye naitrojeni nyingi. Kila kikapu kinachopelekwa Katumba au Mwakaleli kinaondoka na sehemu ya shamba. Viazi mviringo vya Isongole na Ndaga vinakula mbolea kwa pupa, na mahindi vivyo hivyo. Samadi ya ng'ombe wa maziwa, ambao Rungwe ina bahati ya kuwa nao wengi, huishia zaidi migombani karibu na nyumba. Volkano ilitupa karibu kila kitu isipokuwa naitrojeni, na hicho ndicho tunachokinunua kutoka ng'ambo na kukisafirisha karibu kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Sasa tuweke kando ya hitaji hilo kile kilichopo chini ya miguu yetu. TGDC imeorodhesha miradi mitano ya kipaumbele ya jotoardhi nchini, na miwili kati ya hiyo iko kwetu: Ngozi, uliokusudiwa kufikia megawati 70, na Kiejo-Mbaka, megawati 60. Kemia ya maji ya Ngozi imewafanya wataalamu wakadirie joto la takriban nyuzi 232 za Selsiasi chini ya ardhi, na visima vifupi vilivyochorongwa Kiejo-Mbaka mwaka 2021 vilitoa maji ya moto. Umeme wa jotoardhi una sifa ambayo kiwanda cha amonia huipenda kuliko zote: hautegemei jua wala masika, unatoka usiku na mchana. Kuna jambo jingine ambalo halijulikani sana nje ya Busokelo. Urea haitengenezwi kwa amonia peke yake. Inahitaji pia hewa ukaa. Na katika kijiji cha Ikama kampuni ya TOL Gases imekuwa ikivuna hewa ukaa inayopanda yenyewe kutoka ardhini na kuiuza kwa viwanda, vikiwemo vya vinywaji. Joto, maji, hewa ukaa na mkulima anayeisubiri mbolea, vyote ndani ya eneo ambalo lori linaweza kulizunguka kwa siku moja: sidhani kama Tanzania ina mahali pengi pa namna hiyo.

Hesabu ya jambo hili haijifichi. Tani moja ya amonia kwa njia ya umeme inataka takriban uniti 10,000. Mtambo wa megawati 10 tu, ukifanya kazi asilimia 90 ya mwaka, ungetoa karibu tani 7,800 za amonia, na naitrojeni iliyomo ingetosha tani zinazokaribia 14,000 za Urea, yaani zaidi ya mifuko 270,000 ya kilo 50. Megawati hizo 10 ni theluthi moja ya megawati 30 zilizotajwa kwa awamu ya kwanza ya Ngozi. Kuhusu maji, kilo moja ya hidrojeni hutoka kwenye lita 9 za maji safi. Kwa mtambo huo ni takriban lita milioni 13 kwa mwaka, na hata tukijumlisha yanayopotea katika kuyasafisha, ni mvua ya mwaka mzima inayonyesha Tukuyu juu ya eneo lisilozidi hekta moja na nusu. Maji ya kupozea mitambo yana hesabu yake, na lazima ifanywe kabla ya jiwe la msingi. Lakini atakayesema kwamba hidrojeni itaukausha Mto Kiwira au Mto Mbaka, inafaa aziangalie kwanza tarakimu hizi.

Majirani wetu wa Kenya wametangulia hatua chache, nasi tunaweza kujifunza bila kulipia makosa. Mkakati wao wa 2023 haukuanza na kuuza nje. Umeweka mbele kupunguza mbolea ya naitrojeni inayoagizwa kutoka ng'ambo, na mauzo ya nje yakafuata baadaye. Wamefanya hivyo wakiwa na msingi ambao sisi hatuna: Olkaria ilianza kutoa umeme wa jotoardhi mwaka 1981, na leo jotoardhi ni nguzo kuu ya gridi yao. Pia katika shamba moja karibu na Naivasha umewekwa mtambo mdogo wa jua unaotengeneza takriban tani moja ya amonia kwa siku kwa matumizi ya shamba lenyewe. Kipimo hicho kidogo ndicho ninachokisisitiza. Mabomba makubwa yanayozungumzwa kwenye mikutano bado yako kwenye karatasi, wakati mtambo unaotosha kontena chache umekwisha kulisha udongo halisi.

Zipo hoja za kupinga, na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza na yenye uzito zaidi ni gesi asilia. Tanzania ina akiba inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, na amonia ya gesi ni rahisi kuliko ya umeme. Kwa nini tuhangaike na maji? Sipingi kiwanda cha gesi. Kikijengwa Lindi, Mtwara au Kilwa kesho asubuhi, wakulima wa nchi nzima watashangilia, nami nikiwa mmoja wao. Lakini kiwanda cha namna hiyo kinataka mtaji mkubwa sana, mkataba wa gesi wa miongo kadhaa, na masoko ya nje ili kijilipe, na historia ya Kilwa inatuambia jinsi mambo hayo yanavyoweza kuchelewa. Bei yake pia itafuata bei ya gesi duniani, kwa sababu mwenye gesi atalinganisha faida ya kuiuza nje na ya kuigeuza mbolea. Na hata ikitengenezwa pwani, mbolea hiyo bado itapanda lori hadi Uyole, Mbeya. Kiwanda cha gesi na mtambo wa jotoardhi havigombei kiti kimoja. Kimoja kinaweza kulisha taifa, kingine kikawa akiba ya nyanda za juu kusini ambayo haitikiswi na vita vya mbali.

Hoja ya pili ni gharama, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Kwa umeme wa senti 5 za dola kwa uniti, tani ya amonia inabeba dola 500 za umeme peke yake, sawa na kama dola 14 kwenye kila mfuko wa Urea, kabla ya kuhesabu mitambo, riba na mishahara. Amonia katika soko la dunia imewahi kuuzwa chini ya dola 300, na mwaka 2022 ikapita dola 1,000. Kwa hiyo kuna miaka mtambo wetu ungeonekana ghali na kuna miaka ungeonekana mkombozi. Ndiyo maana siombi kiwanda kikubwa. Naomba jaribio, na naomba lipewe umeme pale unapobaki. Aprili 2024, mvua zilipozidi na Bwawa la Julius Nyerere likiwa limeanza kuzalisha, baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Bwawa hilo sasa lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115, na usiku wa manane mahitaji hushuka. Uniti isiyo na mnunuzi saa nane za usiku haina bei ya mchana, na ikigeuzwa hidrojeni, kisha amonia ikahifadhiwa tangini, haitakuwa imepotea.

Hoja ya tatu inagusa haki. Wapo watakaouliza ni vipi tuzungumze hidrojeni wakati vitongoji vingi bado vinasubiri nguzo za umeme, na akina mama wanapika kwa kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania, na lengo hilo ni jema. Nakubaliana kabisa na mpangilio huo: nyumba kwanza. Kwa sababu hiyohiyo hidrojeni ya magari na ya kuuza nje haipaswi kutangulia, maana hiyo ndiyo ingechukua umeme wa Mtanzania na kuupeleka mbali. Mbolea inarudi kwenye sahani ileile ambayo jiko safi linaipikia. Isitoshe, hatua ya kwanza ya jotoardhi haihitaji hata kusubiri umeme. Viwanda vya chai huchoma kuni kwa wingi kunyausha na kukausha majani, kazi ambayo maji ya moto ya ardhini yanaweza kusaidia. Menengai, nchini Kenya, joto la visima limetumika kwa majaribio kuchemsha maziwa, kukausha nafaka na kupasha joto nyumba za mboga. Rungwe ina maziwa, ina chai na ina misitu ya kulinda.

Hoja ya nne ni usalama na mazingira. Amonia ni sumu ikivuja, na dunia haijasahau mlipuko wa naitreti ya amonia bandarini Beirut, Agosti 4, 2020. Ni sababu ya kuchagua Urea, isiyo na tabia hiyo ya kulipuka, na kukataa maghala ya naitreti ya amonia karibu na makazi; ni sababu pia ya kuweka mtambo mbali na shule na vyanzo vya maji, na kuufundisha umma hatari zake kabla ya kazi kuanza. Uchorongaji nao una wajibu wake: maji ya visima yarudishwe chini na yasiachwe yatiririke mtoni, na msitu unaolizunguka Ziwa Ngozi pamoja na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, makazi ya kima wa kipunji aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 2003, visiguswe kwa kisingizio cha barabara ya mradi. Wataalamu wa udongo wataongeza kwamba Urea nyingi huongeza tindikali. Ni kweli, hasa kwenye mvua kama yetu, na ndiyo maana naitrojeni iende pamoja na chokaa, ambayo mawe yake yanapatikana upande wa Songwe, na pamoja na samadi na mikunde. Mbolea ya kiwandani haiwezi kuwa mungu wa shamba. Ni kirutubisho kimoja kinachokosekana.

Basi naomba mambo manne, Mheshimiwa. Kwanza, mkakati wowote wa hidrojeni wa taifa uandike lengo lake la mwanzo kwa tani za naitrojeni zinazomfikia mkulima wa Tanzania, na mikataba ya kuuza nje isubiri lengo hilo litimie. Pili, matokeo ya visima vya Ngozi na Kiejo-Mbaka yatangazwe kwa Kiswahili katika vijiji husika, mazuri na mabaya. Tumekwisha kuona lengo la megawati 200 za jotoardhi ifikapo 2025 likipita bila umeme huo kufika kwenye gridi. Imani ya watu haitajengwa tena kwa ahadi, itajengwa kwa taarifa. Tatu, ujengwe mtambo wa majaribio wa megawati 1 au 2, uanze kwa umeme wa gridi bila kusubiri kisima, chini ya uangalizi wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Uyole kwa upande wa mazao na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kwa upande wa mitambo, na hesabu zake za kila mwaka ziwe wazi. Ukionekana ni hasara baada ya miaka mitano, ufungwe, na vijana waliofunzwa wabaki na ujuzi wa kuhudumia gesi na kemikali ambao nchi inauhitaji kwa vyovyote.

Nne, umiliki ufikiriwe mapema. Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe wana uzoefu wa kuwa na hisa, kupitia chama chao, katika kampuni inayosindika majani yao. Uzoefu huo umekuwa na mema na magumu yake, lakini umewafunza kusoma hesabu na kuuliza maswali. Mradi utakaotumia joto, maji na hewa ukaa ya wilaya hii uwape wakulima na halmashauri sehemu ya umiliki, angalau ndogo, tangu siku ya kwanza, ili wasiishie kusubiri ushuru na misaada ya madawati. Mwenye hisa hulinda bomba lake.

Mheshimiwa Waziri, hidrojeni haina rangi wala harufu. Mkulima wa viazi wa Isongole na mchuma chai wa Katumba hawataiona kamwe, na hawana haja ya kujua jina la mtambo unaoitoa kwenye maji. Watakachokiona ni mfuko uliopo dukani kabla mvua za kwanza hazijaanguka, na bei ambayo haikubadilishwa na vita vya nchi wasiyoijua. Mpango utakaoleta mfuko huo utaeleweka Rungwe bila semina. Usipouleta, hakuna neno jipya la nishati litakaloweza kuwaeleza kwa nini joto la ardhi yao lilikwenda kufanya kazi kwingine.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi wa Tukuyu,
Wilaya ya Rungwe, Mbeya